Tumeoana Kimila: Je, Tutakaa kwenye Benchi Mpaka Lini?



Ingia Jumapili katika kanisa lolote kati ya Kitale na Bungoma, uangalie wakati wa Komunyo. Wazee wanasimama, vijana wanasimama, watoto waliopata Komunyo ya kwanza wanajipanga mstari. Lakini yuko mama mmoja ambaye Jumamosi alifagia kanisa hilo, na baada ya Misa ndiye atakayempikia Padre chai. Yeye anasogeza magoti kando ili wengine wapite, na anabaki ameketi. Ukimwuliza kwa nini, atakujibu kwa sauti ndogo: "Sisi bado hatujafunga."

Somo la leo ni lake yeye na mume wake. Mimi nawajua vizuri watu hawa, kwa maana mimi na mke wangu tulikaa kwenye benchi hilo miaka tisa, kabla sijafikiriwa kuwa katekista. Mke wangu alichagua mahali pa mwisho karibu na mlango, ili watu wasipate shida ya kuruka magoti yake.

Je, tulingoja nini? Tulingoja fahali. Nilinunua ndama nikasema, huyu ndiye wa harusi. Alipokuwa mkubwa, karo ya shule ikamla. Nikanunua wa pili, hospitali ikamla. Wa tatu nilimuuza mwaka ambao mahindi yalikauka shambani. Fahali watatu walikwenda, na ndoa haikufungwa.

Kwa hiyo, kabla hatujaanza maswali, shika jambo moja: harusi ni kitu kimoja, na ndoa ni kitu kingine. Harusi ni sherehe, inaweza kungoja mavuno. Ndoa ni ahadi mbele ya Mungu, nayo haina haja ya kungoja fahali. Haya sasa ni maswali ambayo makatekista huulizwa mara kwa mara katika sehemu zetu.

1. Wazazi walikubali, mahari ilipelekwa, tuna watoto wanne. Kwa nini Kanisa linasema bado?

Kanisa halidharau mila. Wazee walipokaa, wakahesabu ng'ombe, wakala pamoja, walifanya jambo la heshima. Lakini sikiliza historia kidogo.

Zamani huko Ulaya mwanamume na mwanamke waliweza kuahidiana ndoa wakiwa peke yao, hata mahali pa siri, na Kanisa likaihesabu kuwa ni ndoa. Shida ikatokea: mwanamume alichoka, akakana kwamba hakuahidi lolote, akaoa mwingine hadharani. Mwanamke hakuwa na shahidi. Ndipo mwaka 1563 Mtaguso wa Trento ukaamuru kwamba ndoa ifungwe mbele ya Paroko na mashahidi. Mwaka 1908, wakati wa Papa Pius wa Kumi, utaratibu huo ukaenezwa karibu kila mahali, na leo umo katika Sheria za Kanisa za mwaka 1983. Unaona basi kwamba sheria hii haikuletwa ili kuwasumbua maskini. Ililetwa ili asiye na nguvu asiachwe bila mtetezi.

Hata mila yetu inajua jambo hilo. Hakuna mzee wa Kibukusu anayemtoa binti yake gizani bila watu kushuhudia. Tofauti iko wapi? Mila huacha mlango wazi wa kuoa mke wa pili. Na hata Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 inaichukua ndoa ya kimila kuwa ni ndoa inayoweza kuwa ya wake wengi. Ahadi ya kanisani hufunga mlango huo: mume mmoja, mke mmoja, mpaka kifo. Kinachokosekana kwenu, kwa hiyo, si karatasi tu. Ni ahadi hiyo ambayo bado haijatamkwa hadharani.

Angalizo: kama mlioana kimila kabla hata mmoja wenu hajawa Mkatoliki, habari yenu ni tofauti. Huenda ndoa yenu tayari inatambuliwa. Msijihukumu wenyewe, mwendeeni Paroko.

2. Hatuna pesa. Ni vitu gani vya lazima kabisa?

Chukua karatasi uandike. Kwanza, mwanamume na mwanamke walio huru, yaani wasiofungwa na ndoa nyingine wala kizuizi kingine, na waliotimiza miaka 18 kama sheria ya nchi inavyotaka. Pili, ridhaa yao wenyewe, bila kulazimishwa na mtu. Tatu, Padre au Shemasi mwenye mamlaka ya kufungisha ndoa hiyo. Nne, mashahidi wawili.

Sasa angalia kile ambacho hakimo katika karatasi hiyo. Gauni jeupe halimo. Keki haimo. Magari matano yenye riboni hayamo. Kamati ya harusi na kundi lake la WhatsApp la kuomba michango halimo. Pete ni ishara nzuri sana, na iko katika ibada yenyewe. Lakini hata pete si ndiyo inayoifanya ndoa iwe ndoa.

Mnaweza kufunga ndoa katika Misa ya asubuhi, siku ya kawaida, mkiwa na mashahidi wenu na watoto wenu. Parokia nyingi pia hupanga ndoa za pamoja, ambapo jozi nyingi hufunga siku moja, na Jumuiya zote zikaleta chakula. Huko hakuna anayejua ni nani aliyeleta mchele na nani aliyeleta maji tu.

Na ile sadaka ya parokia? Sheria ya Kanisa inasema wazi kwamba mhudumu asidai zaidi ya kile kilichowekwa na wenye mamlaka, na kwamba maskini wasinyimwe Sakramenti kwa ajili ya umaskini wao. Kama hiyo sadaka iliyopangwa inakushinda, usijifiche. Mwambie Paroko ukweli.

3. Tutahitaji vyeti gani, na tutavipata wapi?

Kila Mkatoliki huombwa cheti cha Ubatizo kilichotolewa hivi karibuni, si ile kadi ya zamani iliyochakaa sandukuni. Sababu ni hii: Kipaimara na ndoa huandikwa kando ya jina lako katika kitabu cha Ubatizo. Cheti kipya kinamwonyesha Padre kama uko huru kuoa. Kama hujapata Kipaimara, mwambie katekista mapema, kwa maana Kanisa hutaka uwe nacho kabla ya ndoa kama hakuna shida kubwa ya kukipata.

Hapa watu wetu wengi hukwama. Familia nyingi za Trans Nzoia zina asili yake Bungoma. Mtu alibatizwa huko akiwa mtoto, wazazi wakahamia upande wa Kitale kutafuta shamba, na sasa hajui aulize wapi. Tena anachanganywa na majina ya dayosisi. Bungoma ilikuwa chini ya Kakamega mpaka ilipofanywa dayosisi mwaka 1987. Na kabla ya 1978 Kakamega yenyewe ilikuwa chini ya Kisumu. Kitale nayo ilitoka Eldoret mwaka 1998.

Usiogope mambo hayo. Dayosisi hubadilika, lakini kitabu cha Ubatizo huwekwa parokiani. Nenda katika parokia ulikobatizwa. Kama ulibatizwa katika kanisa dogo ambalo baadaye lilifanywa parokia, uliza parokia mama, kwa sababu kitabu cha wakati ule huenda kiko huko. Nenda na jina lako la Ubatizo, majina ya wazazi, jina la msimamizi wako na mwaka, hata kama ni wa kukisia. Kitabu kikipotea kabisa bado kuna njia: shahidi wa kuaminika aliyekuwapo anaweza kutoa ushuhuda.

Baada ya vyeti kuna mafundisho ya ndoa, kisha Padre atazungumza na kila mmoja wenu peke yake. Halafu matangazo, ambayo kwa kawaida husomwa Jumapili tatu. Watu huyachukia matangazo wakidhani ni ya kuwaaibisha. La, ni kinga. Kama yule bwana ana mke mahali fulani, ni afadhali dada yetu ajue Jumapili hiyo kuliko ajue akiwa na watoto watatu.

Siku ya ndoa mtatia sahihi, na Padre mwenye leseni ya Serikali atawapa cheti kinachotambuliwa na sheria ya nchi. Akina mama, kitunzeni cheti hicho. Wajane wengi wamesumbuliwa juu ya shamba kwa kukosa karatasi moja.

4. Mahari haijaisha. Baba mkwe anasema tusiende kanisani mpaka ng'ombe wa mwisho.

Sheria ya Kanisa haidai mahari iishe ndipo ndoa ifungwe. Linachotaka ni ridhaa ya wanaooana. Hata hivyo ni vema kwenda kwa amani na wazazi, na mapadre wengi watauliza kama wazazi wanajua.

Nenda kwa baba mkwe pamoja na mzee mmoja wa Jumuiya mwenye maneno ya taratibu. Usiende kubishana. Mwambie, "Baba, deni lako nalijua na silikatai. Ndoa ya kanisani haifuti deni hilo. Lakini binti yako amekaa miaka mingi bila Ekaristi, na mimi ndimi niliyemweka hapo." Nimeona wazee wakali wakinyamaza kwa neno hilo. Nanyi wazazi, ninawasihi: mahari ni asante, si mnyororo. Ukizuia ndoa kwa ajili ya ng'ombe mmoja, unayemnyima Sakramenti ni binti yako mwenyewe.

5. Mwenzangu si Mkatoliki.

Hapa kwetu makanisa ni mengi, na jambo hili ni la kila siku. Kuna hali mbili.

Ya kwanza: mwenzako alibatizwa kihalali katika kanisa lingine, kama Kanglikana. Mnahitaji ruhusa ya Askofu, na Paroko ndiye anayeiomba kwa niaba yenu. Mkifunga, ndoa yenu ni Sakramenti.

Ya pili: mwenzako hajabatizwa kwa maji. Usidhani hao ni watu wa mila tu. Kanisa la Marafiki, lililofika Kaimosi mwaka 1902 na kuenea sana hadi Bungoma, halina Ubatizo wa maji. Jeshi la Wokovu pia halibatizi. Ni Wakristo wanaosali kwa bidii, tunawaheshimu. Lakini kwa kuwa hawakubatizwa, Paroko ataomba kibali kingine kwa Askofu, kilicho kikubwa kuliko ile ruhusa ya kwanza. Bila kibali hicho ndoa haitakuwa halali. Mkikipata, mtafunga ndoa halali. Itakuwa Sakramenti siku mwenzako atakapobatizwa, kama akipenda mwenyewe, lakini wewe Mkatoliki hutabaki tena kwenye benchi.

Katika hali zote mbili Mkatoliki huahidi kuishika imani yake na kufanya awezavyo ili watoto wabatizwe na kulelewa Kikatoliki. Mwenzako haahidi hivyo, ila ni lazima aelezwe ahadi yako. Zungumzeni nyumbani kabla ya kwenda ofisini, msije mkabishana mbele ya Padre.

6. Je, watoto wetu watabatizwa kabla sisi hatujafunga?

Mtoto hana kosa. Kanisa linataka mambo mawili: angalau mzazi mmoja akubali, na kuwe na tumaini la kweli kwamba mtoto atalelewa katika imani. Tumaini hilo mtalionyesha kwa kusali, kuhudhuria Jumuiya, na kumchagua msimamizi mwenye maisha mazuri. Msimwazime mtoto baba mwingine au mama mwingine siku ya kuandikisha. Semeni ukweli, na ikiwa mtaambiwa mngoje, ulizeni kwa upole mngoje nini na mpaka lini.

7. Mume wangu ameoa mke wa pili.

Mama, kama mlifunga ndoa kanisani, naye akaenda kuoa mwingine bila wewe kutaka, kosa si lako. Hukuvunja ahadi yako. Usijitenge na Ekaristi kwa sababu ya aibu ya dhambi ya mtu mwingine. Nenda ukazungumze na Padre, upate nguvu.

Na kama mmoja wenu alifunga ndoa kanisani na mtu mwingine zamani, wakaachana, jambo hilo haliwezi kumalizwa na katekista. Ni la mahakama ya Kanisa, ambayo huchunguza kama ile ndoa ya kwanza ilikuwa halali tangu mwanzo. Mwaka 2015 hayati Papa Fransisko alifupisha njia hiyo, tena akataka watu wahudumiwe bure kadiri inavyowezekana. Wengi hawajawahi hata kuuliza. Uliza.

8. Mmoja wetu ni mgonjwa sana.

Usingoje apone ndipo umwite Padre. Padre anaweza kufungisha ndoa nyumbani au hospitalini, na mbele ya hatari ya kifo Kanisa hurahisisha mambo mengi: vyeti vinaweza kusubiri, kwa maneno ya mgonjwa mwenyewe. Mwenyekiti wa Jumuiya, kazi hii ni yako. Ukijua kuna nyumba yenye mgonjwa na ndoa haijafungwa, pita kwa Padre leo, si baada ya kikao cha mwezi.

9. Kila mwaka mume wangu anasema, "Mwaka ujao."

Hili ndilo swali gumu kuliko yote, na akina mama huliuliza wakiwa wamebaki nyuma, watu wengine wameshaondoka.

Ndugu yangu mwanamume, sasa nasema nawe, mimi niliyesema "mwaka ujao" mara tisa. Sababu za kuahirisha hazikosekani. Mwaka huu ni karo. Mwaka mwingine ni mbolea na mbegu. Agosti ya mwaka wa tohara, kama ilivyokuwa 2022 na 2024, boma zima lina wageni na gharama. Lakini chini ya sababu hizo zote mara nyingi kuna sababu moja ambayo hatuitamki: tunauacha ule mlango wa nyuma wazi. Tunafikiri, "Nani ajuaye ya kesho?" Na mke wako anajua. Hakwambii, lakini anajua kwamba miaka yote hiyo anaishi katika nyumba yenye mlango usiofungwa.

Mimi nilijificha nyuma ya fahali. Siku moja mke wangu aliniuliza, bila hasira, huku akichambua maharagwe: "Baba watoto, tukipata huyo fahali na kumla, kesho yake tutakuwa na nini?" Sikuwa na jibu. Wiki hiyo hiyo nilikwenda kumwona katekista.

Nawe mama, usimlazimishe, wala usimtishe kwa kumpeleka mbele ya wazee, kwa maana ridhaa ya kulazimishwa si ridhaa. Mweleze mara moja kwa maneno wazi, wakati wa utulivu, kile unachokosa. Wakati unangoja, usikimbie Misa. Neno la Mungu ni lako pia, sala ni yako, Jumuiya ni yako. Yesu hakufungiwa upande mmoja wa kanisa.

Mwisho

Sisi tulifunga ndoa Jumamosi moja asubuhi. Tulikwenda Kitubio siku iliyotangulia. Mashahidi walikuwa jirani na mke wake. Watoto walivaa sare za shule kwa sababu ndizo zilizokuwa safi. Baadaye tulikunywa chai na mandazi nyuma ya kanisa, na wale waliocheka walicheka wiki mbili tu, kisha wakapata habari nyingine. Miezi mitatu baadaye jozi nyingine mbili za Jumuiya yetu zilikuja kutuuliza tulifanyaje.

Mke wangu bado huketi pale pale karibu na mlango, kwa mazoea. Lakini ukifika wakati wa Komunyo, husimama.

Ya kuzungumza nyumbani

Jioni moja wiki hii, watoto wakiwa wamelala, jibizaneni maswali haya matatu kwa ukweli:

Kama harusi isingegharimu hata shilingi, je, tungefunga ndoa mwezi huu? Kama jibu ni "la", sababu yenyewe ni ipi?

Vyeti vyetu vya Ubatizo viko parokia gani, na nani atakwenda kuvitafuta, siku gani?

Ni jozi gani katika Jumuiya tunayoiamini iwe mashahidi wetu?

Mkishajibu, msingoje kikao kingine. Jumapili baada ya Misa mwoneni katekista wenu. Mwambieni tu, "Tunataka kufunga." Atajua pa kuanzia.

Mungu azibariki nyumba zenu.